Wimbo ule alikusudiwa nani?



Wiki hii tunaanza kwa kuomba radhi. Jambo tutakalolisimulia lilitokea katika msikiti wetu hapa Mombo, na sehemu kubwa ya kosa lake ilipita chini ya kalamu yetu wenyewe, kwani sisi ndio tunaoandika kumbukumbu za vikao vya kamati.

Ilikuwa hafla ya kufunga mwaka ya wanafunzi wa madrasa. Anayeijua Mombo analijua joto la huku bondeni. Milima ya Usambara imesimama juu yetu ikiwa kijani tupu, mabasi ya Tanga na Arusha yanapita barabarani, na wasafiri wa Lushoto wanasubiri gari za kupandia mlima huku wakinunua matunda yaliyoteremshwa kutoka huko huko waendako. Maji tunayaona mlimani kabla hatujayaona bombani. Kwa hiyo wasichana walipopiga dufu na kuanza kaswida ya kisima, watu walinyamaza mapema kuliko ilivyo desturi ya hafla zetu.

Kaswida ile ilikuwa kisa. Msafara umefika kisimani wenye kiu. Mlinzi wa kisima amelala, na kamba ya ndoo ameilalia. Kila msafiri anayemwamsha anapewa udhuru: huyu anaambiwa arudi kesho, yule anaambiwa maji ni machafu, wa tatu anaambiwa kamba imepotea. Hadi hapo mlinzi anasimuliwa kwa mbali, kama mtu wa hadithini. Katika ubeti wa mwisho wasichana wakaacha kumsimulia, wakamsemesha: ewe mlinzi, wewe uliyelala. Dufu likanyamaza. Jina halikutajwa, wala haikusemwa kisima kiko wapi.

Watu walisema takbira, wakala pilau, wakaondoka. Asubuhi yake Mombo nzima ilikuwa na fasiri.

Vijana wa stendi walisema wazi kwamba umeimbwa uongozi, maana nani asiyejua habari za maji ya kijiji? Upande wa akina mama kulikuwa na fasiri nyingine kabisa: mlinzi ni mume anayefungia ghala na kutembea na ufunguo mfukoni. Tuliambiwa kwamba bibi mmoja alitabasamu ubeti wa mwisho ulipofika, na alipofika nyumbani mumewe akamtaka aeleze lile tabasamu lilikuwa la nini. Suluhu yao ilichukua siku mbili. Fasiri ya tatu ndiyo iliyoleta msiba. Msikiti wetu ulikuwa ukichangisha fedha za pampu ya kisima, na fedha hizo zilikuwa mikononi mwa mweka hazina wetu, mfanyabiashara wa duka, mtu mzima kuliko sisi na mwenye sauti ndogo. Kabla ya adhuhuri aliambiwa dukani kwake, kwa kicheko, kwamba kamba ameilalia.

Binti yake wa miaka 12 alikuwa amesimama safu ya mbele akiimba.

Kamati ilikutana usiku ule ule. Mweka hazina hakusema mengi. Aliweka ufunguo wa sanduku juu ya mkeka na kusema kwamba mtu aliyetukanwa na mtoto wake mbele ya jamaa hana haja ya kutukanwa mara ya pili. Tukashauriana kwa muda usiofika nusu saa. Tukaamua kaswida ile isiimbwe tena na kikundi cha wasichana kisimamishwe mpaka itakapoamuliwa vingine. Tukaandika hivyo, tukatia saini. Hakuna aliyeuliza kaswida ile imetungwa na nani.

Ndugu wasomaji, sisi watu wa pwani na bara yake tumelelewa ndani ya mafumbo. Kanga tunazowanunulia wake zetu zina maneno, na aghalabu maneno yale yanasomwa na jirani kabla hayajasomwa na mwenye kanga. Na nani katika mkoa wa Tanga asiyejua habari za taarabu? Mji wa Tanga ulikuwa na Black Star Musical Club, kisha Lucky Star, na nyimbo zao zilisikilizwa Mombasa na Unguja na mbali zaidi ya hapo. Bi Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vikundi hivyo, na sauti yake wazee wetu wanaikumbuka hata wale ambao leo hawasikilizi ala. Leo hatukusudii kuingia katika hukumu ya ala. Wanazuoni wamelieleza jambo hilo, na safu hii ilikwishaligusa. Tunazungumzia maneno.

Katika taarabu maneno hayamalizwi na mtunzi. Mtunzi huandika, mwimbaji huimba, lakini anayeipa beti shabaha yake ni msikilizaji anayeinuka kwenda kutunza. Anashika noti, anakwenda taratibu, anasubiri mstari anaoutaka, kisha anatoa fedha huku jicho lake liko kwa mtu mwingine ukumbini. Mtunzi wa beti zile huenda aliandika juu ya ua au juu ya chombo baharini. Pengine hakuwahi hata kuufika mji ule. Lakini tangu noti ile ilipoinuliwa, ua lile lina jina na nyumba yake inajulikana. Anayelengwa akikasirika, mwenye noti ana jibu tayari: mimi nimependa wimbo tu. Mtafiti wa Kimarekani, Kelly Askew, aliyeishi Tanga katika miaka ya 1990 akijifunza mambo haya, ameyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2002. Mama zetu hawakuhitaji kitabu hicho ili kuyajua.

Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Shaaban Robert, fahari ya Tanga, aliuandika wasifu wake. Kabla ya Siti, taarabu ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Nyimbo zake kadhaa zilitokana na visa vya watu wa Ng'ambo. Mmoja maarufu ni ule wa Kijiti, mtu aliyeshitakiwa kwa mauaji ya mwanamke mgeni, akakimbilia bara, huku adhabu ikiwaangukia waliobaki. Wimbo ule, ingawa unataja jina, bado unasikika kwa masikio mawili. Mwenye kuilea binti anasikia onyo juu ya matembezi ya usiku na ulevi. Mwenye kuzijua mahakama za kikoloni anasikia kesi iliyomwacha mkosaji akaenda zake. Maneno ni yale yale. Ikiwa wimbo wenye jina la mtu na kisa kinachojulikana unagawanyika hivyo, basi kaswida isiyo na jina wala mahali itagawanyika mara ngapi?

Na jambo hili halijazeeka. Mwezi Machi mwaka 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, nalo liliuzuia. Haikupita hata siku mbili, Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri waongezwe wengine wanaostahili kutajwa humo. Wimbo ni ule ule mmoja. Wenye mamlaka waliusikia kuwa ni tusi, na mwenye mamlaka makubwa kuliko wao akausikia kuwa ni nasaha. Hatumsifu msanii wala hatumlaumu. Tunasema tu kwamba siku ile taifa zima liliona jinsi hukumu ya maneno inavyoweza kukaa katika sikio kuliko katika ulimi.

Sisi tumesoma chuo cha Kiislamu, na katika masomo yetu kiko kisa ambacho tulikisoma, tukakifanyia mtihani, tukafaulu, kisha usiku ule wa kikao hatukukikumbuka. Ni kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) na mshairi aitwaye Al-Hutay'a.

Al-Hutay'a alikuwa na ulimi unaoogopwa na makabila. Alitunga shairi juu ya Zibriqan bin Badr, mkubwa wa watu wake katika Banu Tamim. Maana ya shairi, kwa ufupi, ni kwamba Zibriqan asijisumbue kusafiri kutafuta mambo makuu. Akae tu, kwani yeye ni mtu wa kulishwa na kuvishwa. Ukiyasikia kwa haraka utadhani ni maneno ya mtu anayemtakia mwenziwe raha. Zibriqan akaenda kwa Umar kushitaki. Umar akamwambia: mimi sisikii kashfa hapa, nasikia lawama ndogo tu, huridhiki kuwa mtu mwenye chakula na nguo? Zibriqan akajibu kwa uchungu: je, murua wangu wote umekuwa ni kula na kuvaa?

Tutazame alichofanya Umar. Yeye ni Khalifa, na ni mtu aliyeyajua mashairi ya Waarabu. Wako waliosema kwamba alielewa vizuri, bali alitaka kuizima fitina kwa kuyachukulia maneno upande wao mwema. Hata hivyo hakuhukumu kwa sikio lake mwenyewe, na wala hakuhukumu kwa uchungu wa mshitaki. Alimwita Hassan bin Thabit (r.a.), mshairi wa Mtume (s.a.w.), mtu ambaye kazi yake ni maneno, akamuuliza. Hassan akathibitisha kwamba ni kashfa, tena kwa tamko kali lisilofaa kuandikwa katika ukurasa unaosomwa na familia. Hapo ndipo Al-Hutay'a alipofungwa. Na hata baada ya kufungwa, aliposoma beti za kuwahurumia watoto wake wadogo aliowaacha bila mlezi, Umar alilia, akamtoa, na imepokewa kwamba alimpa dirhamu 3,000 ili awaachie Waislamu heshima zao.

Khalifa alitafuta shahidi wa lugha. Kamati ya msikiti wa Mombo haikutafuta hata mtunzi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao umeandikwa na Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) katika Ihya, kwenye kitabu cha adabu za kusikiliza. Anasimulia kwamba mtu asiye Mwarabu alisikia ubeti wa Kiarabu unaomhusu mpenzi aliyemjia mtu usingizini. Yule bwana akatikisika, akashikwa na hali. Alipoulizwa kimemgusa nini, akaeleza kwamba ameambiwa sote tunakaribia kuangamia. Alikuwa amelichukua tamko la Kiarabu na kulisikia kwa Kiajemi! Ubeti haukusema hivyo hata kidogo, lakini khofu yake ya Mwenyezi Mungu ilikuwa ya kweli. Kisa cha Sheikh Shibli wa Baghdad kinafanana na hicho: alimsikia mchuuzi akinadi matango kumi kwa senti, na katika Kiarabu neno la matango ni lile lile la watu bora, akapiga ukelele kwamba ikiwa walio bora ni kumi kwa senti, waovu watauzwa kiasi gani? Mchuuzi alikuwa anauza matango.

Tulipovikumbuka visa hivi, wiki tatu zilikuwa zimepita na mtoto wa mweka hazina hajaonekana madrasa. Mama yake alituambia kwamba baba hakumkataza kwa maneno. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekataa kutoka. Alikuwa ameambiwa na wenziwe kwamba amemtukana baba yake, naye hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli, kwa sababu maneno alifundishwa tu akayahifadhi.

Tukapanda gari kwenda Soni. Mtunzi ni maalim mkongwe aliyepata kufundisha madrasa yetu miaka mingi iliyopita. Mwalimu wa sasa aliikuta kaswida katika daftari alilorithi. Tulimkuta kibarazani, amejifunika shuka, kwani huko mlimani baridi haina msamaha. Baada ya salamu tukamweleza habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, akauliza kitu kimoja tu.

"Mwanangu, mweka hazina wenu alikuwa ameshazaliwa mwaka gani? Maana mimi niliitunga nikiwa bado na meno."

Tukacheka kwa heshima. Kisha akatueleza. Alisoma elimu ya mirathi kwa sheikh wake, akaisoma vizuri, mpaka watu wakawa wanatoka mbali kuja kugawiwa urithi na yeye. Kwa miaka mingi hakumfundisha mtu. Mwanafunzi akija, alimwambia arudi kesho. Mwingine alimwambia hesabu zake bado dhaifu. Alikuwa akiogopa kupitwa. Sheikh wake alipofariki, usiku wa khitima, akaandika kaswida ya mlinzi aliyelalia kamba.

"Yule wewe wa mwisho," akasema, "ni mimi. Niliwapa watoto waniimbie, na wao hawakujua."

Tukamwomba ushahidi huo tuupeleke kwa jamaa. Akaridhia, kisha akatukazia macho. "Na wewe, katibu, uliposikia wimbo, ulimwona nani?"

Tulimjibu kweli: tulimwona mweka hazina. Akauliza kwa nini yeye na si mwingine. Hapo tukakosa jibu la haraka, na tuliporejea tukishuka zile kona za Soni jibu lilikuwa limekaa nasi garini. Kanuni zetu zinataka hesabu zisomwe mbele ya jamaa kila baada ya miezi mitatu. Anayeziandaa ni mweka hazina, anayeziweka kwenye ajenda na kuzitangaza ni katibu. Zilikuwa zimeandaliwa. Zilikuwa katika jalada letu, juu ya kabati la nyumbani kwetu, na miezi saba ilikuwa imepita. Shughuli zilikuwa nyingi, tulisema. Mvua, misiba, Ramadhani. Huyu arudi kesho, yule aambiwe kamba imepotea. Mtu ambaye hesabu zake zimefichwa, hata kama aliyezificha ni mwingine, yuko wazi kuvikwa wimbo wowote unaopita.

Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kukosoa jambo alikuwa akiuliza wana nini watu wanaofanya kadha wa kadha, bila kutaja jina, ili aliyekusudiwa ajirekebishe na sitara yake ibaki. Sisi tulichukua maneno yasiyo na jina na kuyatafutia mwenye nayo. Na Sura ya Hujurat, ambayo watoto wetu wanaihifadhi, inakataza dhana nyingi na kupekua aibu za watu katika aya moja, ya 12. Tumeisoma mara ngapi katika khutba?

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisoma hesabu zote za miezi saba, shilingi kwa shilingi. Tulieleza pia jalada lilikuwa wapi na kwa kosa la nani. Kulikuwa na shilingi 46,000 zisizo na risiti. Mweka hazina alisimama mahali pake akasema ni malipo ya fundi aliyeitwa usiku kuipandisha pampu ilipozama. Fundi alikuwa safu ya tatu. Akasimama naye akathibitisha. Tulisoma pia maneno ya maalim wa Soni kama alivyotuelekeza, na uamuzi wa kukisimamisha kikundi cha wasichana tukaufuta hapo hapo.

Ufunguo wa sanduku mweka hazina hakuupokea. Alisema ametusamehe, lakini duka lake linahitaji muda wake. Sasa anaswali safu ya nyuma, karibu na mlango, na salamu zetu anaitikia kwa ukamilifu wake.

Binti alirudi madrasa Jumamosi iliyopita akiwa na daftari lake. Kabla hata ya kukaa alimuuliza mwalimu kama kaswida ya kisima itaimbwa tena katika hafla ijayo. Mwalimu akatutazama sisi, tuliokuwa tumesimama dirishani. Tukamwambia mtoto akamuulize baba yake kwanza.

Jibu bado hatujaletewa.